Nguo za Wazee Wetu kwa Kadiri ya Mfuko Wetu



Ndugu msomaji, kwanza nakupa mkono wa Ramadhan, wewe na wote walio nyumbani kwako. Najua mwezi huu mikono ya kina mama inagawanyika mara mbili: nusu iko jikoni na nusu iko kwenye cherehani, maana Idi haingoji mtu. Basi na mimi nimeona nikuandikie kuhusu nguo. Lakini si nguo za Idi tu. Ni nguo za waliotutangulia, walivaa nini, na sisi leo tunaweza vipi kuzishona tena bila kuuza mbuzi wa nyumbani.

Nikwambie kilichonifanya niandike. Mwaka jana, hapa kwetu Chundwa, wanafunzi wa madrasa walitaka siku ya Idi mosi kutoka mbele ya wazazi wakiwa wamevaa mavazi ya kale ya kisiwa chetu cha Pate. Fikra ilikuwa nzuri, wallahi. Sisi wakubwa, tuliokuja likizo kutoka chuoni, ndio tuliopewa kazi ya kununua na kushona. Tukachanga, tukatuma Mombasa, kikaja kitambaa cha satini ya kung'aa, lesi za dhahabu za plastiki na shanga kibao. Pesa zikaisha hapo hapo. Watoto ambao wazazi wao hawakuweza kuchanga hawakushonewa kitu, wakakaa ukutani kuwatazama wenzao. Na wale walioshonewa walilowa jasho kabla ya adhuhuri, lesi zikaanza kunyonyoka.

Bibi yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alitazama mpaka mwisho, kisha akaniuliza mambo mawili: "Mjukuu wangu, hizi ni nguo za nani? Na mbona wote ni masultani?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi chuoni nikaanza kusoma, na ninayokuandikia hapa ndiyo niliyoyapata.

PATE ILIKUWA NCHI YA WAFUMAJI

Ndugu msomaji, sisi tumezoea kufikiri kwamba nguo ni kitu kinachotoka nje: zamani India, leo China na Dubai. Lakini haikuwa hivyo siku zote. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigurudumu vya kusokotea uzi kwa wingi sana, vingi vimechongwa kutokana na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Maana yake ni kwamba watu wa pwani hii walisokota pamba yao wenyewe.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu. Ameandika kwamba nguo zilizofumwa mji ule hazikuwa na mfano na zilipelekwa hadi Misri. Tena akaeleza nguo alizopewa yeye kama mgeni: kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni badala ya suruali, joho la juu lenye bitana, vazi la kitambaa cha Misri na kilemba. Hebu tazama kile kitambaa cha kiunoni. Si ndiye babu wa kikoi anachofunga baba yako akitoka msikitini?

Na Pate yetu je? Padri mmoja wa Kireno, Francisco Monclaro, aliyekuwa katika msafara wa Francisco Barreto uliotoka Ureno mwaka 1569, alipita hapa. Alieleza kwamba Pate kulifumwa nguo za hariri za thamani kubwa, na kwamba Wareno walipata faida nyingi wakizipeleka miji mingine ya Waislamu, kwani hazikutengenezwa kwingine ila Pate. Soma tena jambo hilo polepole. Miji mingine ilikuwa ikingoja nguo kutoka kwenye kisiwa hiki hiki ambacho leo ukitaka hata kifungo lazima upande boti pale Mtangawanda uende Lamu.

Kuna habari nyingine niliyoipenda zaidi, maana inahusu watu wasio na mali nyingi. Duarte Barbosa, Mreno mwingine aliyeandika kiasi cha mwaka 1516, alisema kwamba watu wa Sofala walifuma nguo nyeupe za pamba, na kwa kuwa hawakuwa na rangi za kutia, walinunua nguo za rangi kutoka Cambay kule India, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakauchanganya uzi ule na wao mweupe wakafuma upya. Yaani kuchukua kitu cha mwenzio, kukifumua na kukigeuza kiwe chako, si aibu ya mitumba iliyoanza jana. Ni ujuzi wa wazee wetu.

MERIKANI, KANIKI NA LESO

Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta Zanzibar nguo nzito ya pamba isiyotiwa weupe. Watu wakaiita merikani. Ilikuwa imara na bei yake ilikuwa nafuu, ikaenea hadi bara mpaka ikatumika kama pesa: shuka moja ilikuwa mikono minne, na doti ilikuwa mikono minane. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiganwa Marekani kutoka 1861 hadi 1865, pamba ikaadimika na nguo ile ikapanda bei. Nguo za Uingereza na za viwanda vya Bombay zikachukua nafasi, lakini jina likabaki. Hata leo ukiingia dukani ukiuliza amerikani, utapewa.

Pamoja na merikani kulikuwa na kaniki, nguo ya pamba iliyotiwa nili mpaka ikawa nyeusi au buluu iliyokoza. Hii ilikuwa nguo ya kazi. Ilivaliwa na maskini, na ilivaliwa sana na wanawake waliokuwa watumwa. Nitarudi hapa, usinisahaulishe.

Kisha mwisho wa karne ya 19 ikatokea leso. Husimuliwa kwamba wanawake walinunua vitambaa vya mkono vilivyokuja katika jora kabla havijakatwa, wakavikata sita sita, wakaviunga vitatu juu na vitatu chini. Neno lenyewe leso lina asili ya Kireno. Wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuchapa nguo nzima yenye pindo na mji wake. Mombasa, duka linalojulikana kwa Mali ya Abdulla lilianzishwa mwaka 1887 na Kaderdina Hajee Essak. Maneno yaliyochapwa kwenye leso yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kizungu.

Sasa utacheka. Mwaka jana tulimvisha binti mmoja akawa mke wa mfalme wa Pate wa zama za Wareno, na tukamfunga leso yenye jina la herufi za Kizungu! Tulikosea zaidi ya miaka 300.

KABLA YA KUNUNUA, JIULIZE: NANI, NA LINI?

Hili ndilo somo la kwanza, na halina gharama yoyote. Amua kwanza mtoto wako atakuwa nani na wa mwaka gani. Ukisema tu "nguo za kale" utanunua kila kinachong'aa. Ukisema "mvuvi wa Chundwa wa mwaka 1880" utagundua kwamba unahitaji shuka la amerikani na kofia, basi. Ukisema "mwanamke wa mjini wa mwaka 1900", utahitaji doti ya kisutu, ile leso yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo bahati nzuri ingalipo madukani na bei yake ni ya leso yoyote. Na buibui usimvishe mtu wa zamani sana, kwani vazi hilo lilienea pwani yetu katika karne ya 20.

VITAMBAA VYA KUCHAGUA

Kanzu ya kawaida: Nunua bafta au amerikani. Muuzaji atakwambia tetroni ni bora kwa sababu haikunjiki. Ni kweli haikunjiki, lakini pia haipumui, na mtoto atakulilia kwa joto. Ikiwa kanzu ni ya mtu mwenye nafasi, tafuta melimeli, pamba nyepesi, na uipige bitana ya bafta penye mabega tu ili usimalize pesa.

Joho: Joho la wakubwa lilikuwa la sufu iliyotoka ng'ambo, likapambwa kwa nyuzi za dhahabu. Usinunue sufu mpya. Nenda Kongowea kwenye mitumba ukatafute koti refu la sufu nyeusi la mtu mnene. Fumua mikono na kola, kata mbele wazi, na umepata joho kwa bei ya chakula cha siku moja.

Kikoi na kilemba: Kikoi hakina badala, na kila nyumba ina kikoi. Azima. Kilemba ni mikono mingi ya pamba nyepesi, na shuka la kitanda lililochakaa hufaa kuliko kitambaa kipya kwa sababu limeshalainika.

Mavazi ya kike: Bibi Salme, binti Seyyid Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1886 kwamba vazi la wanawake wa jumba lao lilikuwa kanzu ndefu ya kufika kwenye vifundo vya miguu, suruali na mtandio wa kichwani. Umbo la nguo lilikuwa moja kwa wote, na kilichotofautiana ni kitambaa na mapambo. Kwa mshonaji hii ni rehema: kata umbo moja kwa watoto wote, kisha tofautisha kwa rangi na pindo.

Ukifika dukani usiamini jina, amini moto. Omba kipande kidogo, chomoa uzi mmoja, uuchome juu ya sahani (mtu mzima afanye, si mtoto). Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Hariri ya kweli hunuka kama nywele zilizoungua. Mwaka jana tuliuziwa "hariri". Mwaka huu nikachoma uzi wake, nikapata kidonge.

Na kabla ya kukata, loweka kitambaa usiku mmoja, ukifue na ukianike. Pamba ya bei nafuu hutiwa wanga dukani ionekane nzito, na ikifuliwa hurudi. Ni afadhali irudi ikiwa kitambaa kuliko irudi ikiwa kanzu.

MAPAMBO: KIDOGO NDIO KINGI

Hapa ndipo pesa zinapopotelea. Mafundi wa zamani hawakumwaga mapambo nguo nzima. Kanzu ilidariziwa shingoni na penye kifua, ikatiwa kishada, basi. Kwa hiyo tumia fedha yako mahali pale macho yanapoangukia: shingo, mikono na pindo. Uzi wa kudarizi wa pamba kibunda kimoja hutosha kanzu kadhaa. Utepe wa zari usinunue kwa mita. Tafuta sari kuukuu na ukate pindo lake, kwani sari moja ina pindo la kutosha majoho mawili matatu ya watoto. Matamvua ya kilemba usinunue kabisa. Chomoa nyuzi za mwisho wa kitambaa, zigawe, zisokote mbili mbili na ufunge fundo, kama kikoi kinavyofanywa.

Hapa kuna jambo la dini pia, vijana wenzangu. Hariri na dhahabu ni haramu kwa wanaume wa umma huu na ni halali kwa wanawake. Lakini katika Sahihi Muslim kuna hadithi kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwamba hariri imeruhusiwa kwa kiasi cha vidole viwili, vitatu au vinne. Ndiyo maana Waislamu wa Gujarat walifuma kitambaa kinachoitwa mashru, yaani kilichoruhusiwa na sharia: hariri juu na pamba ndani, ili hariri isiguse mwili. Basi ukimshonea mvulana joho, weka vidole vyako vinne juu ya pindo. Kipimo hicho kitamlinda yeye na kitaulinda mfuko wako.

KUKATA KAMA WAZEE

Kitambaa cha kale kilikuwa chembamba kwa sababu kitanda cha mfumi kilikuwa chembamba, na uzi ulikuwa kazi ya siku nyingi. Hakuna aliyekubali kutupa hata kiraka. Tazama kanzu ya babu yako utaona: badani la mbele na la nyuma limekatwa mraba, ubavuni kumeungwa taharizi ili kupanua, kwapani kuna kikwapa ili mkono uinuke, shingoni kuna kaba na kwenye mikono kuna sijafu. Vyote ni mistari iliyonyooka. Hakuna mviringo ila shingo tu.

Fuata njia hiyo. Pima kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu, zidisha mara mbili, halafu ongeza kiasi kwa ajili ya mikono na vikwapa. Shona mishono ya ndani kwa cherehani, haitaonekana. Lakini shingo na pindo shona kwa mkono, kwa sababu hapo ndipo mshono wa mashine unapojitangaza. Zipu usitie kabisa. Weka kitanzi na kifungo cha uzi. Na kofia, ndugu yangu, usinunue ya kiwandani. Visiwa vyetu vinajulikana kwa kofia za kudarizi kwa mkono ambazo huchukua wiki nyingi kumalizika. Azima ya babu, na umuombe akusimulie nani aliyemshonea.

NA KANIKI AVAE NANI?

Sasa narudi kwenye swali la bibi: mbona wote ni masultani?

Mwaka huu tumepanga upya. Hakuna mchango wa lazima. Kila nyumba italeta ilichonacho, shuka, kikoi, sari kuukuu au uzi, na jora moja la amerikani tumelinunua pamoja. Kila mtoto wa madrasa atavaa, inshaallah. Tumeandika orodha: mfumaji wa Pate, mvuvi, mwalimu wa chuo, fundi wa ngozi wa Siyu, nahodha, bibi harusi mwenye kisutu, na mwanamke wa Lamu ndani ya shiraa.

Tulipofika kwenye shiraa ndipo tuliponyamaza. Shiraa ilikuwa kama hema la kitambaa ambalo mwanamke muungwana alitembea ndani yake njiani asionekane. Lakini hema haliendi lenyewe. Lilishikwa juu na watumwa, nao hawakusitiriwa na kitu. Ukionyesha shiraa bila waliolishika, umesema nusu ya kweli. Na ukiwaonyesha, lazima mtu avae kaniki.

Mama mmoja akasema waziwazi, "Mwanangu hatavaa nguo ya mtumwa." Sikumlaumu. Kwetu neno hilo bado lina miiba. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, si zamani sana, na kuna watu wanaojua nani alikuwa mjukuu wa nani. Wanawake wenyewe walipopata uhuru waliacha kaniki na merikani wakakimbilia leso za rangi, ili mtu asiweze kuwasoma hali yao kwa nguo. Kwa hiyo leso unayomfunga mama yako ina historia ya watu waliotaka kuonekana kuwa watu.

Lakini nikakumbuka kwamba sauti ya kwanza kuadhini katika Uislamu ilikuwa ya Bilal (r.a.), naye alikuwa mtumwa kabla ya kukombolewa. Tunalitaja jina lake kwa fahari mimbarini, kisha tunaona haya kuwataja waliofua, waliochota maji na waliobeba mawe katika miji hii hii tunayojivunia. Na Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratul A'raf, aya ya 26, kwamba ametupa nguo za kutusitiri na za kutupamba, lakini nguo ya uchamungu ndiyo bora. Kaniki haimshushi anayeivaa. Aliyeshuka ni yule aliyemuuza mwenziwe.

Basi nimenunua amerikani mikono minane na nimeitia rangi ya nili iliyokoza. (Bluu ya kufulia usijaribu, hutoka kwa maji ya kwanza.) Haina darizi, haina zari, haina kishada. Ndiyo nguo iliyogharimu kidogo kuliko zote kwenye orodha yetu, na ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi kuamua. Sikumuomba mtoto wa mtu. Siku ya Idi mosi, Mwenyezi Mungu akitufikisha, nitaivaa mimi.

Bibi nilimwambia juzi baada ya kufuturu. Hakusema kitu. Aliinuka polepole, akafungua kasha lake, akatoa sindano nene na uzi mweusi, akanipa. "Pindo hilo," akasema, "lishone kwa mkono."

Nawe ndugu msomaji, ukimshonea mwanao nguo ya wazee mwaka huu, anza kwa kuuliza wazee wako mwenyewe. Vitambaa viko, bei zinapunguzika, na waliobaki wa kutuhadithia ni wachache. Allah azikubali saumu zetu na atujaalie Idi yenye kheri.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.